Maswali ya Wasomaji: Maganda ya Kaseti

SWALI: Ndugu Mhariri, lebo yetu ndogo ya muziki hapa Mikindani, Mtwara, inataka kutoa nakala 100 za kaseti. Maganda ya bei nafuu tuliyoagiza awali yalilia kama bawaba kavu. Tuangalie nini safari hii?

JIBU: Ndugu msomaji, agizeni kwanza maganda matano ya mfano, wala msivutwe na rangi. Chagueni yanayofungwa kwa skrubu tano, kwa kuwa yaliyounganishwa kwa kuyeyushwa hayafunguki bila kuvunjika. Fungueni moja: mtakuta karatasi mbili nyembamba zenye utelezi, ambazo kazi yake ni kuuzuia utepe usijisugue kwenye plastiki, na zikikosekana au zikiwa zimejikunja, kilio mlichokisikia kitarudi. Vigurudumu vya pembeni vizunguke kwa wepesi, ikiwezekana kwenye pini za chuma. Kipedi kidogo kilichobandikwa kwenye bati jembamba kikae katikati kabisa, kwani kikienda upande sauti hufifia.

Ganda tupu huja na kipande kifupi tu cha utepe wa mwanzo, ambacho hukatwa na kuungwa na utepe wenu. Bila mashine ya kuzungushia, kazi hiyo kwa mikono itawachosha kabla ya nakala ya kumi. Kwa maoni yangu, nunueni kaseti zilizokwisha kujazwa utepe mtupu kwa urefu wa albamu yenu. National Audio Company ya Springfield, Missouri, nchini Marekani, hufanya kazi hiyo. Dakika 30 kila upande zinatosha. Utepe wa dakika 120 ni mwembamba mno, hunasa upesi.