Alama za dini nyingine kwenye kompyuta ya kazi: je, zifutwe?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Nina steshenari Mwanga, hapa Kigoma. Juzi kijana wangu alikuwa anapamba kadi ya nikaha, akafungua fonti ya Wingdings, ile inayotoa picha badala ya herufi, kutafuta maua. Mteja aliyesimama nyuma yake akaona misalaba na nyota ya Wayahudi, na kwenye fonti nyingine ile alama ya Hitler. Akasema kompyuta yenye mambo hayo haifai kuchapia kadi ya ndoa, akachomoa flashi yake akaondoka. Je, nizifute? Na wanaotengeneza fonti, ni haki kuziweka?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah.

Usifute kitu. Masanamu ya Lata, Uzza na Manata yametajwa kwa majina katika Surat An-Najm, na masanamu ya kaumu ya Nuhu yametajwa katika sura yenye jina lake. Tunayasoma majina hayo ndani ya swala, na hakuna aliyewahi kusema swala imeharibika. Kitu kuwepo katika maandishi si kukiabudu.

Najua wapo watakaokuletea hadithi ya Bibi Aisha katika Sahihi Bukhari, kwamba Mtume (s.a.w.) hakuacha nyumbani mwake kitu chenye misalaba ila alikivunja. Hadithi ni sahihi, lakini isome vizuri: ni nyumbani mwake. Sayyidna Umar alipoipokea Baytul Maqdis (Yerusalemu), amani aliyowaandikia wenyeji, kama alivyoipokea mwanahistoria Tabari katika kitabu chake cha historia, ilitaja nafsi zao, mali zao, makanisa yao na misalaba yao. Fonti si nyumba yako peke yako. Inatumiwa na padri na pandit wa Kihindu, na mtu asiye na dini kabisa.

Sasa tuziangalie hizo alama zenyewe. Fungua Wingdings ubonyeze Y kubwa: inatoka nyota ya pembe sita. Bonyeza Z: mwezi na nyota. Zimekaa jirani. Hiyo ya pembe sita iliyomuudhi mteja wako imo kwenye sarafu za zamani za Morocco, zilizotolewa na masultani Waislamu, na wenyewe waliiita muhuri wa Suleiman. Nao mwezi na nyota tunaoupigania hauna aya wala hadithi inayoufanya kuwa alama ya Uislamu. Ulienea zaidi kwa bendera za dola ya Uthmaniya ya Waturuki. (Hili huwa linanunisha watu kila ninapolisema.)

Swastika, hiyo alama ya Hitler, ndiyo ngumu zaidi. Chama cha Hitler kiliichukua mwaka 1920, wakati Wahindu, Wajaini na Wabudha walikuwa nayo karne nyingi kabla. Katika ramani za Japani, 卍 inaonyesha mahali penye hekalu la Kibudha. Mwaka 2003 Microsoft ilikuta swastika katika fonti moja iliyotoka na Office, ikaomba radhi na kuiondoa, na mimi siwalaumu, kwani waliouawa chini ya bendera ile wana watoto na wajukuu walio hai. Lakini kwenye orodha ya Unicode, inayoipa kila herufi ya dunia namba yake, alama hiyo imebaki, kwa sababu wapo wanaoihitaji kuandika dini yao. Naona hivyo ndivyo inavyopaswa. Namba ibaki kwa wote, na kila mwenye fonti aamue kama ataichora au la.

Na tukumbuke kwamba orodha hiyohiyo imetubeba na sisi. Bismillahi Rahmani Rahim nzima ina namba moja, na ﷺ, yaani ile s.a.w. ya kumswalia Mtume, ina yake. Kaaba na msikiti viliingia kwenye emoji mwaka 2015. Tukidai za wenzetu zitolewe, tutajibu nini wao wakidai zetu? Surat Al-An'am, aya ya 108, inatukataza kutukana wanavyoviabudu wengine wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu bila kujua.

Hukumu inaanzia kwenye mkono unaochapa. Ukiletewa swastika iwekwe kwenye fulana ili kutisha watu, kataa, hata akikupa pesa ngapi. Ama picha ya kitabu cha historia, chapa. Mtihani au barua ya shule ya parokia, chapa bila wasiwasi. Kadi ya ibada yenye msalaba, wanazuoni wengi wamemkataza Mwislamu kuitengeneza, kwa aya ya pili ya Surat Al-Maida, inayokataza kusaidiana katika dhambi. Mwelekeze mteja huyo duka la jirani kwa maneno mazuri.

Mimi kinachonitia hofu kwenye steshenari zenu ni kingine. Kadi ya nikaha ikitoka na wino umefifia, inatupwa kwenye boksi, na boksi linaishia kwa muuza karanga. Nimefungiwa karanga za moto ndani ya karatasi yenye jina la Allah. Na kwenye mabango, Bismillah ikibandikwa kwenye programu ya zamani herufi hukatikakatika na kugeuka, zikasomeka kinyume, na fundi asiyejua Kiarabu anachapa hivyohivyo. Tumia ile yenye namba moja, ﷽, haikatiki. Zilizoharibika ziwekee boksi lake, uzichome mahali safi, kama Sayyidna Uthman alivyoamuru zichomwe nakala zilizotofautiana na msahafu wake.

Mteja wako mpigie simu umweleze. Akikataa kurudi, kadi za ndoa zipo nyingi.

Wallahu aalam.