Kuwamba Ndege Kitambaa na Kuoanisha Rangi: Majibu kwa Wasomaji

Ndege ndogo yenye mifupa ya mabomba ya chuma au ya mbao huwambwa kitambaa kama ngoma inavyowambwa ngozi, kisha hupakwa matabaka kadhaa ambayo kila moja lina kazi yake. Wasomaji wanaojitengenezea ndege za namna hii hapa Uganda, pamoja na wanaotamani kuanza, wameniletea maswali kuhusu hatua hiyo, na mengi yanaishia kwenye rangi. Nayajibu kwa jinsi nilivyojifunza kwa mikono yangu.

Msomaji wa Jinja anauliza: Mji wetu ulijulikana kwa viwanda vya nguo za pamba. Kwa nini nisiwambe ndege yangu pamba ya hapa nyumbani badala ya kuagiza poliesta?

Swali lako si la kupuuzwa, kwa sababu pamba ilifunika ndege kwa miongo mingi, na hata ndege ya ndugu wawili wa Wright iliyoruka mwaka 1903 ilikuwa na mabawa ya kitambaa cha pamba. Baadaye pamba ya ndege iliwekewa viwango vikali: ikiwa mpya ilipaswa kuhimili mvuto wa paundi 80 kwa kila inchi ya upana, yaani kilo 36 hivi, na nguvu hiyo ikishuka chini ya paundi 56 ilipaswa kubanduliwa yote. Pamba ya shuka haikufumwa kwa kipimo hicho. Isitoshe, pamba huoza. Katika hewa ya kandokando ya ziwa, ambako asubuhi mabawa huwa yamelowa umande, ukungu huingia ndani ya nyuzi kutoka upande usioonekana, na jua linamalizia kazi kutoka juu. Poliesta hailiwi na ukungu, na ikikingwa na jua hudumu miaka mingi.

Msomaji wa Kampala anauliza: Basi, je, naweza kununua poliesta ya kawaida kwenye maduka ya vitambaa ya Kiyembe?

Hapana. Kitambaa cha dukani kimekwisha kupitishwa kwenye joto kiwandani ili kisirudi kikifuliwa, ilhali wewe unahitaji kitambaa kinachorudi. Poliesta ya ndege huuzwa ikiwa mbichi, haijapigwa joto wala kutiwa rangi, nayo hujikaza kwa takriban asilimia 10 inapopitishiwa pasi. Ile nyepesi ina uzito wa gramu 57 hivi kwa mita moja ya mraba na ile ya wastani gramu 92 hivi, na mchoro wa ndege yako ndio unaosema utumie ipi. Pindo la kitambaa halisi huwa na chapa ya mtengenezaji. Usikiwambe ambacho hakina chapa hiyo, hata kama muuzaji ni rafiki yako.

Msomaji wa Mbarara anauliza: Nina pasi ya umeme ya nyumbani. Itafaa? Na je, gundi peke yake haitoshi kushika kitambaa kwenye mbavu za bawa?

Pasi ya nyumbani inafaa, lakini usiamini maandishi ya kwenye kitufe chake. Weka kipimajoto chini ya bamba lake, zungusha kitufe polepole, halafu chora alama zako mwenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika. Mzunguko wa kwanza hupigwa kwenye nyuzi 120 za Selsiasi hivi na wa mwisho kwenye nyuzi 177. Ukipita hapo, kitambaa huanza kupoteza mkazo wake, na ukizidi sana kinayeyuka. Nenda upande huu kidogo na upande ule kidogo, kwa maana mkazo wa upande mmoja unaweza kupinda fremu nyepesi. Utaona mikunjo ikijifuta mbele ya pasi, na ukigonga kwa kidole utasikia sauti ya ngoma, ya juu na kavu.

Kuhusu gundi, jibu ni fupi. Bawa linaponyanyua ndege, hewa ya juu hukivuta kitambaa kutoka kwenye mbavu, na kwa sababu hiyo ndege nyingi hushonwa kwa uzi maalumu unaozunguka kila ubavu. Umbali kati ya fundo na fundo hutegemea kasi ya ndege, na huwa mdogo zaidi nyuma ya propela ambako upepo ni mkali. Kama mchoro wako umesema shona, shona.

Msomaji wa Tororo anauliza: Ili kupunguza uzito, naweza kuacha lile tabaka lenye rangi ya fedha na kupaka rangi moja kwa moja?

Nakuomba usifanye hivyo. Tabaka la fedha lina unga wa aluminiamu unaozuia miale ya jua isiifikie poliesta, na sisi tunaishi kwenye ikweta, ambapo jua la saa sita linatushukia karibu wima mwaka mzima. Ukitaka kupunguza uzito, punguza kwenye rangi, kwa kuwa watu wengi hupaka rangi nyingi kuliko inavyohitajika.

Unga huo hutuama chini ya kopo, kwa hiyo koroga mpaka kijiti kisiguse kitu kigumu. Matabaka yakiisha kukauka na harufu ya thina ikiisha kabisa, subiri usiku, ingiza taa ya LED ndani ya bawa kupitia tundu la ukaguzi, kisha utazame kutoka nje. Bawa lililokingwa vizuri hukaa jeusi. Mara yangu ya kwanza niliona mstari mwembamba wa nuru kando ya ubavu wa tatu, mahali ambapo mkono wangu ulikuwa umeharakisha, na mchana nilikuwa nimepita hapo mara kumi bila kuona lolote. Katika majira ya senene, funga milango kabla ya kuwasha taa yoyote karibu na rangi mbichi.

Msomaji wa Entebbe anauliza: Rangi yangu ya bluu ilikauka ikiwa na utando mweupe kama moshi. Nimenunua rangi mbovu?

Yaelekea rangi haina kosa. Thina inapoyeyuka kwa haraka hupoza uso wa kitambaa, na kama hewa imejaa unyevu, mvuke hugeuka maji juu ya rangi ambayo haijakauka. Utando ule ni maji yaliyonaswa. Tumia thina inayokauka polepole, epuka miezi ya masika, anza baada ya umande kukauka, na hakikisha kitambaa kina joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutunga. Utando mwepesi mara nyingi huondoka ukipuliziwa thina ya polepole kwa ukungu mwembamba. Ukiwa mzito, subiri ukauke, usugue taratibu kwa msasa laini bila kugusa nyuzi, kisha urudie.

Msomaji wa Soroti anauliza: Boneti ya injini ni ya faibaglasi, mwili ni kitambaa, na vyote nimevipaka njano ya kopo lenye namba ileile. Mbona havifanani? Na nifanyeje usukani wa mkia ambao umetoka tofauti kabisa?

Hili nalifahamu kwa uchungu. Niliwahi kupaka ndege njano katika mafungu mawili: mwili na mabawa mwezi mmoja, usukani wa mkia miezi miwili baadaye kwa kopo jipya. Ndani ya banda, chini ya taa, sikuona tofauti. Tulipoisukuma nje hadi kwenye nyasi asubuhi, usukani ulikuwa na njano ya limau na mwili ulikuwa na njano ya embe lililoiva.

Sababu ni zaidi ya moja. Kwanza, njano haifuniki vizuri, kwa hiyo kilicho chini yake huonekana. Njano juu ya fedha huelekea ukijani, na njano juu ya nyeupe hung'aa. Boneti yako bila shaka ilikuwa na praima nyeupe au ya kijivu, na kitambaa kilikuwa na fedha. Paka tabaka jembamba la nyeupe kila mahali kabla ya njano, nyekundu au rangi ya chungwa, na sehemu kubwa ya tofauti itatoweka. Pili, faibaglasi ni laini na kitambaa kina ufumo, basi mwanga huruka kwenye kimoja na kutawanyika kwenye kingine. Hata rangi ileile haitaonekana sawa kabisa, na ndiyo maana mafundi wazoefu hupitisha mstari wa rangi nyingine pale boneti inapokutana na mwili, ili jicho lisizilinganishe njano mbili zikiwa zimegusana. Tatu, makopo yenye namba moja hutofautiana. Mimina yote kwenye ndoo moja safi, koroga, kisha urudishe kwenye makopo, na utenge lita moja kwa ajili ya viraka vya baadaye.

Kabla ya yote, wamba fremu ndogo ya mbao yenye ukubwa wa trei, uipake matabaka yaleyale yote, uiache ikauke kabisa, halafu uishike kando ya boneti asubuhi, saa sita mchana na kivulini. Zipo rangi zinazoelewana chini ya taa na kukosana juani.

Sasa usukani. Utashawishika kuongeza tabaka juu ya tabaka mpaka ulingane, kama nilivyotaka kufanya. Usiongeze kitu kabla ya kupima. Usukani, elevata (kibao cha mkia kinachoinua na kushusha pua ya ndege) na eleroni (vibao vya mabawa vinavyoilaza ndege upande) huning'inia kwenye bawaba, na rangi nyingi hulala nyuma ya bawaba hizo. Uzito ukizidi upande wa nyuma, sehemu hiyo inaweza kuanza kutetemeka ndege ikiwa kwenye kasi kubwa, na mtetemo wa aina hiyo unaweza kuivunja ndege hewani katika muda mfupi sana. Niliifuta njano ya usukani kwa kiyeyusho hadi kwenye fedha, nikapaka nyeupe, nikapaka njano mpya, kisha nikapima uwiano wake kwa jinsi mchoro unavyoagiza. Kazi hiyo ilinichukua siku nne.

Msomaji wa Gulu anauliza: Fundi wa rangi za magari anaweza kunichanganyia rangi inayolingana. Nitumie ya kwake?

Jicho lake na mashine yake ya kusomea rangi vitakusaidia sana kupata rangi ya boneti. Juu ya kitambaa, rangi ya gari isiyo na kilainishi hupasuka, kwa kuwa kitambaa hucheza nayo haichezi. Kumbuka pia kwamba rangi za poliurethani zenye kikaushio hutoa sumu inayodhuru mapafu, na kitambaa cha kujifunga usoni hakizuii chochote. Kinachotakiwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kutoka nje ya chumba. Kwa anayeanza, napendekeza rangi ya ndege inayoendelea kuyeyuka kwa kiyeyusho chake hata baada ya miaka, kwa sababu kiraka hujiunga nayo vizuri.

Msomaji wa Arua anauliza: Ni rangi gani isiyopauka haraka?

Nyekundu na njano nyingi zinazong'aa hupauka mapema, na zile zinazotokana na kutu ya chuma, kama nyekundu ya udongo wetu, hustahimili sana. Mwaka 1916 Waingereza walianza kukinga kitani cha ndege zao za vita kwa mchanganyiko wa udongo wa manjano na masizi, na ulizuia jua vizuri. Nyeupe nayo hudumu na haipashi joto ndani. Vyovyote utakavyochagua, herufi za usajili zinazoanza na 5X, alama ya ndege za Uganda, zionekane wazi juu yake. Kisha andika kwenye kadi majina ya rangi, namba za makopo na kipimo cha thina, uibandike ndani ya mlango, kwa sababu atakayetia kiraka miaka kumi ijayo huenda asiwe wewe.