Saa imeandika umechoma kalori 600, uzirudishe kwenye sahani au uziache?

Juzi dada mmoja ninayekimbia naye Coco Beach alinionyesha saa yake baada ya kilomita 5, imeandika kalori 612, akaniuliza sasa hizi nazila au naziacha? Nikamwambia tukae kwanza, maana hilo swali limenigharimu karibu nusu mwaka na sitaki limgharimu na yeye.

Mi nilianza kupunguza uzito Januari 2023 nikiwa na kilo 86. Aplikesheni ya kuhesabu kalori ikanipa kalori 1,700 kwa siku, nikawa najaza kila ninachokula, na kila nikikimbia saa inaniongezea zake juu, leo 600, kesho 550, na mi nazila zote kwa amani kabisa kwa sababu si zimeandikwa, chapati ya pili, soda, keki ya birthdei ofisini. Wiki 9 naamka saa 11 alfajiri, mizani imetoka 86 imefika 85 na nusu. Siku ile nililia.

Nilipokuja kukaa chini na kalamu ndo nikaona. Kwa kukimbia, makadirio ya kawaida ni kalori 1 kwa kila kilo yako kwa kila kilomita, kwa hiyo kilo 86 mara kilomita 5 ni kama 430 tu, na humo humo zipo ambazo ningezichoma hata ningebaki kitandani, toa kama 60 hivi unabaki na 370. Kutembea ndo kidogo zaidi, karibu nusu ya hapo. Hizi saa mapigo ya moyo zinapima vizuri ila kalori zinakisia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu aina 7 mwaka 2017, iliyofanya vizuri kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27 na ya mwisho asilimia 93! Halafu kosa kubwa kuliko yote, wakati najisajili niliulizwa nafanya mazoezi kiasi gani, nikachagua mara 3 mpaka 5 kwa wiki, kumbe ile 1,700 ilishawekewa mazoezi ndani tayari. Nikawa nayahesabu mara mbili. Tafadhali nenda kaangalie ya kwako, ulichagua nini pale.

Na jikoni nako kuna mambo. Jumapili moja nilipima kwa kijiko kikubwa mafuta ninayomimina kwenye mchicha, ule ule mkono wa siku zote niliouona kwa mama, vikafika vijiko vinne. Kijiko kimoja ni kama kalori 120, yaani sufuria imeshabeba 480 kabla hata tui la nazi halijaingia, na mi naandika mchicha bakuli moja, kalori 40.

Basi kwa hasira nikaenda upande wa pili, sili hata moja ya mazoezi, na 1,700 nikaishusha 1,300. Kilo zikashuka kweli, 4 kwa mwezi, ila nikawa nasikia kizunguzungu nikiwa nimesimama kwenye daladala, usingizi ukakata, mwezi wa pili hedhi haikuja, na ikifika Jumapili nakula wali wa nazi mpaka najificha watoto wasinione. Dada zangu, hedhi ikipotea hapo mwili unalia, usiseme ndo dayati inafanya kazi.

Kuna kitu kingine kilinifungua macho. Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi, watu wanaotembea porini kila siku kuwinda na kuchimba mizizi, walipimwa na timu ya mtafiti Herman Pontzer, matokeo yakatoka 2012, na ukishaweka sawa ukubwa wa miili, nguvu wanayotumia kwa siku haikupishana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Maelezo yake ni kwamba mwili ukitumia sana huku unabana kwingine. Nikajiangalia nikaona ni kweli, siku nikikimbia asubuhi, jioni sitoki kwenye kochi, hata maji natuma mtoto.

Sasa hivi nafanya hivi. Kwenye aplikesheni nimechagua mtu wa kukaa tu, asiyefanya mazoezi, nikikimbia napiga hesabu yangu ya kilo mara kilomita, natoa zile za kitandani, nakula nusu ya kinachobaki. Kutembea mpaka kituoni sihesabu kabisa. Jumamosi nikikimbia zaidi ya saa nzima nakula zaidi ya nusu, na ndizi moja nakula kabla sijatoka. Mizani napanda kila asubuhi ila naangalia wastani wa wiki, kwa sababu jasho na chumvi vinaidanganya siku moja moja, na sibadilishi kitu mpaka wiki 3 au 4 zipite. Haishuki napunguza kidogo, inashuka zaidi ya kilo 1 kwa wiki mfululizo naongeza 200. Nipo 74 leo na hedhi inakuja kwa tarehe yake.

Kama unanyonyesha, au una kisukari na unatumia dawa, hesabu hizi usizifuate, ongea na daktari wako kwanza.

Yule dada ana kilo 80, tulipopiga hesabu ile 612 ikawa kama 340. Nimemwambia ale 170, ndizi mbili ndogo haziko mbali na hapo, tutaangalia mizani mwezi ujao tarehe kama hii.