Bega la mpiga udi linaharibikia kwenye kiti

Taarabu ikianza saa tatu usiku huenda ikaisha saa nane, na muda wote huo mpiga udi amekumbatia chombo chenye mgongo wa mviringo kisichotaka kutulia pajani. Udi ukiteleza, mkono wa kushoto unageuka mchukuzi: badala ya kubonyeza nyuzi tu, unaibeba na shingo ya udi. Kifundo kinapinda, kidole gumba kinakaza. Bega la kulia nalo linapanda ili mkono ukibane chombo. Ukikaa hivyo, hata ujinyooshe vipi, utaumia.

Basi anza na kiti. Kile cha plastiki chenye mikono ndicho wenye shughuli wanachopenda kutoa, na ndicho kibaya kuliko vyote: kiwiko kinagonga, makalio yanazama nyuma, mgongo unapinda. Omba stuli au benchi. Ukikosa, sogea mbele ya kiti na ukalie kitenge kilichokunjwa, nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Mguu wa kulia uweke juu ya kibao cha sentimita 10 hadi 15. Kati ya paja na udi tandika kipande cha ule mpira wa wavuwavu unaozuia zulia lisiteleze. Kisha jipime: ondoa kabisa mkono wa kushoto. Udi ukiinama, hujakaa bado.

Usiulaze udi chali, uso wake ukitazama juu, ili uone vidole. Udi hauna vyuma vya kugawa sauti kama gitaa, kwa hiyo mwanagenzi huchungulia, na shingo yake ndiyo inayolipa. Kwa mpiga kanuni, kile chombo bapa cha nyuzi nyingi, kosa ni jingine: meza iliyoinuka mno. Viwiko visipite usawa wa nyuzi kwenda chini.

Kujinyoosha kunakuja baada ya kupata joto. Tembea dakika tatu, zungusha mabega kwa nyuma mara 10, kunja na kunjua vidole. Ukumbi ukiwa na kiyoyozi, osha mikono kwa maji ya uvuguvugu. Halafu nyoosha mkono mbele, kiganja kikitazama juu, na kwa mkono wa pili vuta vidole taratibu kuelekea chini, sekunde 10 hadi 15. Geuza kiganja chini, rudia. Unatafuta mvuto, si maumivu. Kuvuta kwa muda mrefu kuache hadi baada ya onyesho, kwani msuli uliovutwa sana hulegea kwa muda. Maliza kwa dakika tano za kupiga polepole, risha, yaani kipigio cha nyuzi, ikishikwa kilegevu.

Katikati ya nyimbo, teremsha mikono yote miwili na uikung'ute. Ganzi ikishika kidole cha mwisho na jirani yake, mara nyingi mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kiwiko. Ikishika gumba na vidole viwili vinavyofuata, tazama kifundo. Ganzi ikirudi siku ya pili, weka udi chini ukamwone daktari. Dawa ya kuchua hailegezi mshipa uliobanwa.