Kabla Hujaondoka, Andika

Ninyi mnaoanza kazi ya kufunza mbwa wa huduma, yaani mbwa wanaosaidia watu wenye ulemavu, mtaelekezwa mengi kuhusu mbwa: kumpa zawadi kwa wakati, kusoma mkia na masikio, kuacha zoezi kabla hajachoka. Mimi naomba niwaeleze habari za watu, yaani namna sisi wafanyakazi tunavyopashana habari. Nilichelewa kuuona uzito wake, na waliolipa gharama ni mbwa.

Hesabu mikono anayopitia mbwa mmoja. Akiwa na wiki 8 hivi huenda kwa familia ya kumlea. Akishafikisha mwaka, pengine mwaka na nusu, hurudi kituoni, na hapo kuna mkufunzi wake, mtunza banda wa asubuhi na wa jioni, daktari wa mifugo, na mwishowe mwalimu wa kumkutanisha na mtu atakayeishi naye. Kila mmoja anamjua mbwa yule kipande tu.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na jike mweusi wa labrado, mtulivu, mwenye hamu ya kazi. Nikimwambia "chini" ili alale, anainama nusu, ananitazama, kisha anasimama tena. Siku tatu nzima nilidhani ameanza ukaidi. Ya nne nikapita bandani jioni nikamkuta mwenzangu akimteremsha kutoka kwenye benchi kwa neno lilelile. Mbwa wa watu alikuwa anahangaika kututii sote wawili! Kesho yake tukabandika karatasi mlangoni: "lala" ni kulala, "shuka" ni kushuka, na asibadilishe mtu neno bila kuwaambia wengine.

Si kwamba mbwa hawezi neno jipya. Morris Frank, Mmarekani asiyeona, alipokwenda Uswisi mwaka 1928 kuchukua mbwa wa kumwongoza, jike yule alikuwa akiitwa Kiss. Frank akamwita Buddy, na kwa jina hilo akarudi naye Marekani. Jina jipya mbwa hulizoea. Kinachomvuruga ni neno moja kuwa na maana mbili, asubuhi hii na jioni ile.

Lakini amri ni jambo dogo ukilinganisha na makabidhiano. Mbwa wa kuongoza wasioona hufundishwa pia kukataa: ukisema "mbele" na gari linakuja, asisogee. Ni somo gumu, maana kwa miezi mingi tumemzawadia kwa kutii. Mbwa wangu mmoja, dume, alikuwa ameanza tu kulielewa nilipochukua likizo ya siku mbili. Sikuandika popote tulipofikia. Mwenzangu akatoka naye, wakafika langoni, akasema "mbele", mbwa akagoma. Lori lilikuwa linarudi nyuma taratibu. Mwenzangu alikuwa anatazama upande mwingine. Akamkemea, akavuta kamba, mbwa akasogea. Bahati dereva aliwaona. Niliporudi, nikamwambia "mbele" huku gari letu la mazoezi likija, naye akalielekea bila hata kusita, na ilinichukua wiki nyingi kumrudishia ujasiri wa kukataa. Mwenzangu simlaumu. Habari aliyoihitaji niliondoka nayo mimi.

Kwa hiyo andika kabla hujaondoka, hata kama ni mistari mitatu. Andika ulichokiona, hukumu iache. "Leo mkorofi" haimsaidii mtu yeyote. "Ametikisa kichwa mara nne, hataki kuguswa sikio la kushoto, chakula amemaliza": daktari akisoma hivyo anajua pa kuanzia. Na iandikwe kwenye faili la mbwa. Kundi la ujumbe kwenye simu linafaa kwa dharura, ila baada ya siku mbili hakuna atakayeipata habari yako humo.

Wasikilizeni watunza banda, nawasihi. Wao humwona mbwa wakati hakuna anayemwamrisha: nani anazunguka zunguka usiku, nani ameacha chakula, nani anashtuka ndoo ikianguka. Kwenye kikao chetu cha wiki tunaanza na wao, kwa sababu mkufunzi akishatoa maelezo marefu, mtunza banda hunyamaza na lake.

Kusahihishana nako kuna wakati wake. Kukiwa na hatari, sema papo hapo. Vinginevyo subiri mbwa arudi bandani, maana mkono ukikaza kamba kwa hasira yeye anahisi.

Na mbwa asipofuzu, familia iliyomlea iambiwe na mtu anayemjua mbwa huyo, tena mapema. Taarifa zao tuzitunze. Siku moja mteja asiyeona, akiwa ndiyo kwanza anakutana na mbwa wake, aliuliza, "Huyu anaogopa nini?" Mwalimu akafungua faili hadi ukurasa wa mwanzo kabisa, akamsomea mstari ulioandikwa na mama mlezi zaidi ya mwaka mmoja kabla: hushtuka mwavuli ukifunguliwa karibu naye. Yule bwana akampapasa mbwa kichwani. "Basi wangu nitaufungulia mlangoni," akasema, "kabla sijamwita."