Kabla ya kununua gari la mbio ndefu, ulizia spea kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa nyumbani, fundi umeme hapa Houston, alinionyesha picha za BMW kuukuu inayouzwa dola 900. Anataka kuunda timu ya kuingia 24 Hours of Lemons, mbio za watu wa kawaida zinazofika kiwanja cha MSR Houston kule Angleton. Akaniuliza, "Kaka, hii inakimbia?" Nikamwambia inakimbia sana. Nami nikamuuliza: pampu yake ya maji ikifa Jumamosi saa tatu usiku, utaipata duka gani? Akanyamaza. Haya nayaandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya yeyote anayetaka kuingia mchezo huu akiwa na mshahara wa kawaida.

Lemons ilianza California mwaka 2006 kwa sharti moja kubwa: gari lisizidi thamani ya dola 500. Vifaa vya usalama, breki, matairi na rimu havihesabiwi humo. Wakaguzi wakiona umezidisha, wanakukata mizunguko kabla hata hujaanza. Kwa hiyo anayenunua kwa dola 900 huuza viti vya nyuma, kiyoyozi, redio na mazulia mpaka hesabu ishuke. Tunza risiti zote, kwani wakaguzi wanauliza na wanajua bei za magari. ChampCar, ambayo nayo ni mbio za aina hii, haitazami bei uliyonunulia. Kila modeli ina pointi zake kwenye jedwali. Amua kwanza utashindana wapi, usome kanuni zao, ndipo utafute gari. Nimeona watu wakitanguliza gari halafu wakaangukia daraja gumu kuliko uwezo wao.

Licha ya jina, mbio nyingi za Lemons haziendi saa 24 mfululizo. Mara nyingi ni muda wa kama saa saba Jumamosi na mwingine kama huo Jumapili. Sasa chukua karatasi tupige hesabu. Saa 14 ni sekunde 50,400. Gari linalozunguka kwa dakika mbili kamili litafikisha mizunguko 420. Gari linalozidiwa sekunde tatu kila mzunguko, tofauti ambayo dereva anaiona kubwa mno, litafikisha 410 hivi. Kwa hiyo kasi yako yote ya ziada, wikendi nzima, ina thamani ya mizunguko kumi, yaani dakika 20. Beringi ya gurudumu ikisaga, ukavuta gari hadi gereji, ukafungua habu ya moto, ukatafuta nyingine na kuifunga, hizo dakika 20 zimekwisha hujashika hata spana ya pili.

Sisi hayo yalitukuta mwaka wetu wa kwanza. Tulikuwa na sedani ndogo inayovutwa na magurudumu ya mbele, nyepesi na yenye kasi. Kwa magari ya namna hiyo, tairi za mbele zinageuza, zinavuta na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya breki, kwa hiyo zinaisha haraka na beringi za mbele zinachemka. Tulibadilisha beringi mbili Jumamosi. Ya tatu ilikufa Jumapili asubuhi, na hatukuwa na akiba. Nililia siku ile, si kwa kushindwa, bali kwa sababu wenzangu wawili waliosafiri kutoka Dallas hawakupata hata zamu ya kuendesha. Tangu hapo kila gari tunalopeleka linakwenda na habu mbili kamili, zimeshafungwa beringi, zinasubiri kwenye sanduku.

Mafuta nayo yana hesabu yake. Gari linalokwenda saa mbili kwa tangi moja litahitaji zamu saba kwa saa 14. Linalomaliza tangi kwa saa moja na robo litahitaji zamu kumi na mbili. Kila kusimama ni dakika tano au zaidi: unazima injini, dereva anashuka, mmoja anamimina mafuta na mwingine amesimama na mtungi wa kuzimia moto. Vituo vitano zaidi ni dakika 25, mizunguko kumi na mbili na ushee. Ile faida ya sekunde tatu imeshaliwa, na umenunua mafuta mengi zaidi. Ndiyo maana siwashauri wageni kuanza na sedani kubwa ya V8 kama Ford Crown Victoria, ingawa ni imara na spea zake zimejaa kila mahali. Uzito unakula matairi na breki, injini inakunywa, na mfuko wako ndio unaolipa.

Mimi ningekuelekeza kwenye Mazda Miata ya miaka ya 1990. Ina takriban tani moja, tangi la lita 45 hivi linatosha zamu ndefu, inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na kwa kuwa wengi wanashindana nayo, timu ya jirani itakuwa na spea unayotaka. Angalia tu zile za 1990 na mwanzo wa 1991: ncha ya mbele ya krenki yao, mhimili unaozungushwa na pistoni, ni fupi na inajulikana kulegea. Dereva mrefu naye ajipime kwanza akiwa ndani, amevaa helmeti, maana kichwa kisipokaa chini ya kizimba, yaani fremu ya chuma inayomlinda dereva gari likipinduka, gari halikufai hata likiwa la bure.

BMW ya umbo la E36, ile aliyoipenda kijana wetu, inaendesheka vizuri mno, sikatai. Lakini mfumo wake wa maji una plastiki nyingi, na miaka 30 ya joto imezikausha. Ukiichukua, weka rejeta mpya, pampu mpya, mipira yote mipya kabla ya siku ya kwanza kiwanjani. Kwenye zile za silinda sita, fungua sampu, bakuli la oili chini ya injini, ukaze nati ya pampu ya oili na uifunge kwa waya. Ikitoka ndani ya kona, injini imekwisha. Angleton kuna joto la pwani lisilo na huruma. Gari lolote lisilopoa barabarani likiwa kwenye foleni ya mjini, halitapoa huko.

Sisi tuliokulia na hadithi za Safari Rally tunajua tangu utotoni kwamba kulijua gari lako kunashinda kasi. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika. Joginder alikuwa fundi, alijua kila nati ya gari lile.

Kuhusu fedha, niseme wazi kwa sababu hapa ndipo timu nyingi huvunjika. Gari ndiyo gharama ndogo. Kizimba cha chuma, kiti, mikanda, kifaa cha kushika shingo, helmeti yenye alama ya Snell SA, kiwango cha usalama cha helmeti za mbio za magari, na ovaroli ya kukinga moto vitapita bei ya gari mara kadhaa. Usibane hapo. Mikanda ina tarehe ya kutengenezwa, isome kabla ya kulipa. Kizimba kichomelewe na fundi aliyewahi kuvipitisha kwenye ukaguzi, si rafiki mwenye mashine ya kuchomelea mageti. Ukipata gari ambalo timu nyingine inaliuza likiwa na kizimba tayari, hata kama rangi imebabuka, lipe uzito kuliko lile linalong'aa.

Mafuta ya breki ya zamani mwaga yote, weka ya kuhimili joto kali. Pedi za barabarani zitayeyuka kabla ya chakula cha mchana.

Kijana hajainunua ile BMW. Jumamosi tunakwenda kuangalia Miata ya 1994 ambayo mwenyewe anasema imekaa uani miaka mitatu. Nimemwambia aje na tochi, sumaku, kitambaa cheupe cha kufutia kijiti cha oili, na helmeti yake, kwa sababu yeye ni mrefu.