Kesho yenye mkia: maswali yenu kuhusu wakati ujao wa Kiurdu

Wiki hii maswali karibu yote ni ya jambo moja: kusema "nitafanya", "utakuja", "watakwenda" kwa Kiurdu. Wengi mlioandika mko Ghuba, wachache mnasoma Pakistani kwenyewe. Maneno ya Kiurdu nimeyaandika kwa herufi zetu, na mwishoni nimegusia kidogo maandishi yao.

*Mwalimu, naendesha lori Dubai na wenzangu wengi ni Wapakistani. Kiurdu changu nimekiokota kwenye filamu za Kihindi. Kila nikisema "main kal aaun gi" wanaangua kicheko, na hakuna anayeniambia kisa. Nimekosea nini?* (Dereva, Dubai)

Maneno yako ni sahihi kabisa, ila umesema kama bibi harusi. "Main kal aaun gi" ni "nitakuja kesho" inayotoka kinywani mwa mwanamke. Mwanamume anasema "main kal aaun ga". Kiswahili chetu hakiulizi: "nitakuja" ni ya baba, ni ya mama, ni ya mtoto. Kiurdu kinauliza kila mara, na jibu linakaa mwisho kabisa wa kitenzi.

Naona filamu ulizozishika ni zile ambazo mwanamke ndiye mwenye maneno matamu. Usione haya. Mimi nilifundishwa na mama mwenye nyumba niliyopanga, na kwa miezi mitatu nilikuwa nazungumza kama yeye. Siku moja mgahawani Ruwi, Muscat, mbele ya meza iliyojaa wanaume, nikatangaza kwamba chai ya leo nitalipa mimi: "main dun gi!" Mzee mmoja chai ilimpalia. Alipopata pumzi akanipiga bega, "Dun ga, beta (mwanangu), dun ga." Sijakosea tena tangu siku ile.

Na wenzako wasikutishe. Pakistani Kiurdu ni lugha ya taifa, lakini wanaokizungumza nyumbani kama lugha ya mama hawafiki hata mtu mmoja kwa kumi. Wengine hukipata shuleni na mitaani, kama Msukuma au Mhaya anavyokipata Kiswahili. Wapashtuni, watu wa huko wenye lugha yao wenyewe, ambao huenda ndio nusu ya madereva wenzako, wanataniwa huko kwao kwa kuchanganya *ga* na *gi*. Waulize.

*Assalaam alaikum Mwalimu. Nimeolewa kwa watu wanaozungumza Kiurdu na nataka kumwelewa mama mkwe. Kitabu nilichonunua kina jedwali la wakati ujao lenye mistari mpaka macho yanauma. Hakuna njia fupi?* (Mama wa watoto wawili, Muscat)

Waalaikum salaam, dada. Jedwali lifunge. Njia fupi unayo tayari, kwa sababu Kiswahili kina "niende".

Sikiliza. Umesimama mlangoni unaomba ruhusa: "Niingie?" Umekwama: "Nifanye nini?" Mnaondoka: "Twende?" Kiurdu kina umbo hilohilo. "Kya karun?" ni "nifanye nini?", nawe hakika umeshaisikia mara mia. "Main aaun?" ni "nije?" "Chalen?" ni "twende?" Sasa chukua umbo hilo, usiliguse, kisha ulitundikie mkia. *Karun* ni "nifanye", *karun ga* ni "nitafanya" (wewe utasema *karun gi*). *Chalen* ni "twende", *chalen ge* ni "tutakwenda". Basi. Wakati ujao wote ni "niende" yenye mkia.

Mkia wenyewe una sura tatu: *ga* ni mwanamume mmoja, *ge* ni wanaume wengi au mchanganyiko, *gi* ni mwanamke, awe mmoja au wengi. Kabla ya mkia kuna herufi za mtu. Kwa *kar*, yaani "fanya", ni hivi: mimi *karun*, yeye *kare*, sisi na wao *karen*, wewe wa kawaida (*tum*) *karo*, wewe wa heshima (*aap*) *karen*. Ukiyashika hayo matano umeshika vitenzi karibu vyote. Vinavyojikunja ni vitatu tu: *dena* (kutoa, kupa), *lena* (kuchukua) na *hona* (kuwa), navyo vinajikunja kwa kufupika: *dun ga*, *lun ga*, *hun ga*, *de ga*, *le ga*, *ho ga*.

Linganisha na kwetu. Sisi tunapanga mizigo mbele: ni-ta-fanya. Wao wanaipanga nyuma: kar-un-ga. Kitenzi kwanza, mtu katikati, wakati na jinsia mwisho. Ni sentensi yako ukiitazama kwenye kioo.

Kwa mama mkwe tumia *aap* siku zote, na umbo la wengi hata kama yuko peke yake: "Ammi, aap chai piyen gi?" Mama, utakunywa chai? Hata akiwa hayupo, heshima haipungui. Baba mkwe "kal aen ge", kana kwamba wanakuja wawili. Ukisema "aae ga" umemfanya kijana wa dukani. Nako kusema *tu*, ile "wewe" ya ukaribu kabisa, waachie washairi, mama na mtoto wake, na mja na Mola wake.

Jambo la kukufurahisha: ile *n* ya *karun ga* hutoka puani, na ikikutana na *g* inakaribia sana *ng* yetu ya "unga". Soma "karunga" kwa Kiswahili, uivute kidogo, hakuna atakayekushika. Wazungu ninaowafahamu wamehangaika nayo mwaka mzima.

*Kwa nini "kal" ni jana na pia ni kesho? Fundi cherehani ameniambia nguo "kal", nimekwenda mara tatu.* (Msomaji, Sharjah)

Kwa sababu *kal* ni siku moja kutoka leo, upande wowote. *Parson* vilevile: juzi au kesho kutwa. Wanaokwenda mbali zaidi wana *tarson*, ambayo kwa upande wa mbele ndiyo ile mtondo yetu ambayo vijana wameanza kuisahau.

Kinachotofautisha ni kitenzi, na ndiyo maana mkia si pambo. "Main kal aaya" ni nilikuja jana. "Main kal aaun ga" ni nitakuja kesho. Ukiusikia mkia, siku iko mbele. Pasipo kitenzi, kama vile "kal ka khana", chakula cha *kal*, hujui ni kiporo au ni karamu inayokuja, na hata wao huulizana. Ukitaka kukata shaka sema *aane wala kal*, kal inayokuja.

Sasa fundi wako. Nina hakika hakusema "kal" tu, alisema "kal ho jae ga": kesho itakuwa tayari. Kisarufi ni wakati ujao safi. Kifundi ni lugha ya mafundi cherehani wa dunia nzima, na "njoo kesho" ya Kariakoo unaijua. Mwulize saa, lakini hapo pia uwe macho. Akikwambia "paanch baje", *paanch* ni tano, ila ni tano ya saa yao, yaani saa kumi na moja yetu. Kuna jamaa yangu aliyeambiwa chakula cha jioni ni "paanch baje" akaenda saa tano usiku. Alifunguliwa mlango na mtu aliyevaa nguo za kulalia.

*Nilimuuliza mlinzi kama bosi yupo, akajibu "ghar par ho ga". Nikaelewa atakuwa nyumbani baadaye, nikamngoja ofisini. Kumbe yuko kwake muda wote. Mlinzi alinidanganya?* (Fundi umeme, Doha)

Hakukudanganya, na wewe unaitumia kauli hiyohiyo kila siku. Mtu akikuuliza mtoto yuko wapi hujibu "atakuwa amelala"? Hiyo "ataku-" haisemi habari za baadaye, inakisia ya sasa. Kiurdu hufanya vilevile na *ho ga*. "Ghar par ho ga" ni "atakuwa nyumbani", nadhani hivyo. "Bachcha so raha ho ga", mtoto atakuwa amelala. "Aap ne khana khaya ho ga", utakuwa umeshakula. Tafsiri neno kwa neno, utapata Kiswahili sanifu. Ni mara chache lugha mbili zilizo mbali hivi hukutana vizuri namna hii.

*Mimi ni mwanafunzi wa udaktari Lahore. Wauguzi huwaambia wagonjwa "kal aaiye ga", hata mgonjwa akiwa mwanamke. Mbona si "gi"? Na kwa nini mkia uko kwenye amri?* (Msomaji, Lahore)

Swali zuri kuliko yote ya wiki hii. Fikiria tofauti ya "njoo" na "uje". "Njoo" ni sasa hivi, simama uje. "Uje kesho" ni agizo lenye nafasi ndani yake, la upole, la baadaye. *Aaiye* ni "njoo, tafadhali", na *aaiye ga* ni "uje". Mkia unaisogeza amri mbele na kuilainisha.

Hapo mkia umeganda. Haujui jinsia, ni *ga* kwa kila mtu, kwa mzee na kwa msichana. Kwa hiyo wodini una njia salama: "Dawa waqt par khaiye ga", dawa umeze kwa wakati. (Wao dawa "huila". Neno *dawa* ni lilelile letu, na *waqt* ndiyo *wakati*, sote tumekopa kwa Mwarabu.) Vinne tu vina umbo lao la kujitegemea: *kijiye ga*, *dijiye ga*, *lijiye ga*, *pijiye ga*, yaani ufanye, utoe, uchukue, unywe.

*Vitu navyo vina uke na uume? Nimesahihishwa niliposema "gari aae ga".* (Mfanyakazi wa hoteli, Salalah)

Vina, na umesahihishwa kwa haki. *Gari*, neno tuliloletewa na meli kutoka Bara Hindi (wao *r* yake huikunja ulimi), ni la kike: "gari kab aae gi?", gari litakuja lini? *Barish*, mvua, ni la kike: "barish ho gi". *Kitab* ni la kike. *Waqt* ni la kiume: "waqt lage ga", itachukua muda.

Watu hulalamika sana hapa nami siwaelewi. Mtu aliyekua akisema gari litakuja, kiti kitakuja, mizigo itakuja na maji yatakuja, bila kufikiri, anashindwaje na makundi mawili? Hizo ni ngeli mbili tu, zimekaa mkiani. Jifunze kila nomino pamoja na *ga* au *gi* yake, kama mtoto wetu anavyojifunza "kiti hiki".

*Kukanusha je?* (Msomaji, Mombasa)

Rahisi kuliko kwetu. Weka *nahin* kabla ya kitenzi: "main nahin jaun ga", sitakwenda. Hakuna cha *ni-* kugeuka *si-*.

*Kiswahili tunasema "mvua ikinyesha sitakuja", wakati ujao mmoja. Mbona wao wanaweka miwili?* (Mwalimu wa madrasa, Zanzibar)

Ni kweli, Ustadh: "Agar barish ho gi to main nahin aaun ga." Tafsiri ya juujuu ni "kama mvua itanyesha, basi sitakuja", na wala si Kiswahili kibaya. Sisi tuna -ki-, wao hawana, basi mkia unarudiwa pande zote mbili. Wapo pia wanaosema "agar barish hui", kwa umbo la lililokwisha kutokea, na maana ni hiyohiyo.

Kwa "wakati" badala ya "kama" hutumia *jab*: "Jab aap aen ge", utakapokuja. Itazame vizuri "utakapokuja". Ile -ta- ya kila siku hapa imevaa nguo zake za zamani, -taka-. Ndipo ilipotoka: kitenzi "taka". Anayekuja kesho, kwa wazee wetu, ni anayetaka kuja. Wenye Kiurdu walichukua kitenzi kingine. *Ga* ni mabaki ya neno la kale lenye maana ya "aliyekwenda", ukoo mmoja na *gaya*, alikwenda, ya Kiurdu cha leo. Ndiyo maana inabadilika kwa jinsia: ilikuwa sifa ya mtu kabla haijawa mkia wa kitenzi.

Na hii inamjibu pia kijana wa Nairobi aliyeuliza kama *jaun ga* ni neno moja au mawili. Kwa maandishi ya Kiurdu huandikwa mawili, جاؤں گا, na ile ں isiyo na nukta ndiyo *n* ya puani. Kwa Kihindi huunganishwa. Unavyosikia masikioni hakuna tofauti.

*Nikitaka kusema "ndio natoka sasa hivi" nitumie ga?* (Dereva wa teksi, Muscat)

Hapana, *ga* itakuweka mbali mno. Sema "main nikalne wala hun", na mwanamke *nikalne wali*. Hata "main nikal raha hun" inafaa, kama sisi tunavyosema "natoka" tukiwa bado tunatafuta kiatu. Abiria wako wa Kipakistani naye atakwambia hivyo kwenye simu, nawe umo garini chini ya ghorofa yake. Zima injini.